Fanfari Ndani ya Miraba Minne

Mwaka ule chuo kilifungwa. Maprofesa walikuwa wamegoma, wanafunzi walikuwa wamevunja madirisha, na serikali ilikuwa imechoka na sisi sote. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, na daftari moja tu la maana, la somo la uongozi wa mashirika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili na nilijiona mjuaji kupita kiasi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure.

Baba alikuwa mtu wa Kampuni. Kwetu Lubumbashi hukuhitaji kutaja jina. Ukisema Kampuni, kila mtu alielewa ni ile ya shaba. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika reli, baba akaingia kwenye tanuru la kuyeyushia, na sisi watoto tukazaliwa katika hospitali ya Kampuni, tukala unga wa Kampuni, tukasoma kwenye madawati ya Kampuni. Kisha yote yakaanguka mbele ya macho yetu. Askari walipora maduka. Mgodi ulibomoka, mishahara ikakatika, mgao wa unga ukakoma, na tukahama nyumba tuliyodhani ni yetu. Majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala majuma mengi stesheni wakisubiri mabehewa. Nilikwenda kumuaga rafiki yangu pale na sikumpata katika lile kundi la watu. Hilo bado linaniuma.

Katika hayo yote, kitu kimoja hakikuanguka, nacho ni fanfari. Kampuni ilikuwa na bendi yake ya tarumbeta na ngoma, wanaume zaidi ya thelathini waliopiga kwenye sikukuu na kwenye mazishi ya wafanyakazi. Baba alikuwa besi wa kwanza. Alipuliza tuba, lile dude la shaba linalomzunguka mtu kiunoni mpaka hujui nani amembeba mwenzake. Baada ya anguko walibaki kumi na wanne. Karibu klarineti zote ziliondoka na treni, maana wapigaji wake walikuwa wa Kasai. Waliobaki waliendelea kukutana kila Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia, na kupiga bila mtu yeyote kuwatuma. Vyombo vilikuwa vya Kampuni, ila hakuna aliyekuja kuvidai.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa anaishi mtaa wa Bel-Air, mwenye depo yake ya maharage na unga kule Naviundu. Malori yake yalikuwa yameanza kukodishwa kubeba waombolezaji kwenda makaburini, na watu walikuwa wakimuuliza kama hana na muziki. Alikuwa mlokole, mtu wa maneno machache na saa kubwa mkononi. Aliwapa wazee wetu pendekezo: yeye atatoa gari, sare mpya na mahali pa kufanyia mazoezi, wao watapiga kwenye vilio vya misiba atakakowapeleka, na kila mtu atapata fungu lake la unga kila juma. Lakini alitaka mpango ulioandikwa. Na alitaka watu kumi tu, kwa sababu ndio waliotosha kwenye kamyoneti, gari lake dogo la mizigo, pamoja na vyombo vyao.

“Kumi bazima,” alisema, yaani wazima wa mwili. “Na muniandikie na mabaya yenu. Kama sione mabaya ku karatasi, nitajua munanificha.”

Wazee wakaangaliana. Baba akajikohoza, akasema kwa majivuno ambayo sijayasahau, “Mutoto yangu iko ku université. Yeye njo atatuandikia.”

Basi nikaingia kwenye historia ya fanfari na daftari langu kwapani.

Katika somo lile profesa wetu alikuwa ametuchorea mraba ubaoni, akaukata kwa msalaba ukawa miraba minne. Juu kushoto nguvu, juu kulia udhaifu. Hayo ni ya ndani ya shirika. Chini kushoto fursa, chini kulia vitisho. Hayo yanatoka nje. Alisema hakuna shirika, liwe la serikali au la akina mama watano wanaouza mandazi, lisiloweza kuingia humo, na kwamba mkakati wowote wa kweli huanza hapo. Mimi nilipigwa na butwaa. Nchi nzima ilikuwa inasambaratika na huyu mtu mwenye koti lililochakaa alikuwa anaonyesha kwamba kila kitu kinaweza kukaa mahali pake kwa kipande cha chaki. Nilitoka darasani siku ile nikitembea kama niliyebatizwa.

Jumapili iliyofuata nilichora mraba wangu kwenye ubao wa katekisimu. Wazee kumi na wanne walikaa mbele yangu na vyombo magotini. Nikauliza nguvu zetu ni zipi, na mikono ikapanda yote.

“Tuba mbili!” “Sare!” “Hospitali!” “Courant ya bure!” “Nyumba!”

Niliandika mpaka mraba ukajaa. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili, nikasoma, na nikaona kwamba kila kitu walichotaja kilikuwa cha Kampuni. Hospitali ilikuwa haina hata pamba. Umeme ulikuwa umekatwa. Nyumba tulishatoka. Hawakuwa wanatania; maisha yao yote walikuwa wamehesabu nguvu za Kampuni kuwa nguvu zao, na hakuna aliyewaambia siku ambayo hesabu ile ilikwisha.

“Papa zangu,” nikasema, “hii yote iko ya Kampuni.”

Mpiga ngoma kubwa, mtu mcheshi asiyejua kunyamaza, akajibu, “Sasa shi na siye tuko ya Kampuni?”

Wakacheka. Nilifuta kimoja baada ya kingine, na kila nilichofuta kicheko kilipungua. Tuba nilizihamishia kwenye vitisho na kuandika: Kampuni ikikumbuka vyombo vyake. Hapo hata mpiga ngoma akaishika ngoma yake kwa mikono miwili.

Kwenye udhaifu tulikwama kabisa. Nilisubiri, nikatabasamu, nikasubiri tena. Baadaye baba alinieleza njiani. Kampuni iliweka kadi ya kila mfanyakazi, na kosa lako likishaandikwa pale lilikufuata mpaka pensheni. Watu hawa walijifunza wakiwa vijana kwamba kukiri upungufu mbele ya karatasi ni kujichimbia kaburi. Mraba ule ukabaki mtupu.

Fursa ndizo zilizonishtua. Nilipouliza ni kitu gani huko nje kinaweza kutusaidia, mpiga ngoma akasema polepole, safari hii bila mzaha, “Kilio, mama. Vilio iko mingi.”

Ilikuwa kweli. Watu walikuwa wanakufa sana miaka ile, kwa homa, kwa njaa, kwa kukata tamaa. Niliandika neno “vifo” chini kushoto. Kisha mwingine akasema kwamba na wao ni watu, wanaweza kwenda vilevile, nikaliandika neno lilelile chini kulia. Nilisimama nikiyatazama maneno hayo mawili yanayofanana, moja fursa na jingine kitisho. Daftari langu halikuwa na mfano kama huo.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa linanikosesha raha. Baba alikuwa hana pumzi. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limemkaa kifuani. Nyumbani alikohoa kwa kujificha, bomba la maji likiwa wazi ili tusisikie. Asubuhi moja nilimwona amevaa viatu, kisha akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akangoja pumzi yake irudi kama mtu anayengoja mgeni. Hakujua niko nyuma yake. Hata hivyo Jumapili, nikiwa nje ya ukumbi, nilisikia besi ikiunguruma bila kukatika, na nilijiuliza anaitoa wapi. Nilidhani anajiua kwa kupuliza.

Kama ningeiandika pumzi yake, angekuwa wa kwanza kukatwa, na fanfari ndiyo ilikuwa imebaki kumfanya aamke, anyoe ndevu na kuvaa shati. Fungu la unga pia lingekwenda. Kama nisingeandika, angepanda kwenye lile gari na kuanguka siku moja juu ya kaburi la mtu. Halafu ni mtoto gani anaandika udhaifu wa baba yake na kuusoma mbele ya wenzake? Kwetu huwezi hata kusema baba amezeeka. Unasema amechoka kidogo. Nilizunguka na jambo hilo siku tatu, nikiwagombeza wadogo zangu bila sababu. Mwisho woga wa kumzika ulishinda. Niliandika kwenye mraba wa udhaifu sentensi moja tu: Besi ya kwanza haina tena pumzi ya kutosha. Sikutaja jina, nikajidanganya kwamba hiyo ni heshima.

Tulikwenda depo ya Naviundu siku ya Jumamosi asubuhi, wote kumi na wanne na vyombo vyao, na mimi na karatasi yangu. Mfanyabiashara alituketisha juu ya magunia. Akasema nisome kwa sauti ili wote wasikie kile wanachokubali. Nilisoma nguvu, zilizokuwa chache sasa: wanajua nota, wanakuja kwa wakati, wamekaa pamoja miaka mingi. Kisha nikafika kwenye udhaifu. Nilisoma ile sentensi huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi.

“Besi ya kwanza njo nani?” aliuliza.

Nilisikia panya kwenye magunia. Kisha nikasikia tuba ikigonga sakafu, na baba akasimama.

“Njo miye, patron.”

“Na huyu mwenye kuandika iko mutoto yako?”

“Iko mutoto yangu.”

Mfanyabiashara alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kujua kama ananiheshimu au ananiogopa. Mimi mwenyewe nilijichukia. Baba alibaki amesimama wima, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kusomewa kadi yake.

“Basi, wa kwanza wa kukata tumesha kupata,” akasema mfanyabiashara. “Tunatafuta batatu bengine.”

Hapo ndipo akainuka shefu, kiongozi wa fanfari. Sijamwelezea bado kwa sababu mpaka siku ile sikumwona kuwa mtu wa kuelezewa. Alikuwa mzee mfupi, mkimya, aliyeongoza kwa kalamu badala ya kijiti. Kwenye kikao changu cha ubao hakusema hata neno. Alikuwa na mfuko wa plastiki, akatoa humo karatasi na kuzipanga juu ya magunia, moja moja, mpaka zikawa kumi na nne, ya mwisho ikiwa yake mwenyewe ya kuongozea. Zilikuwa nota za wimbo wao wa mazishi, zimeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya zambarau, nyuma ya fomu za zamani za Kampuni.

“Patron, mbele ya kukata, angalia kwanza,” alisema. “Na weye, mama, kuya.”

Nikasogea. Alianza kuonyesha kwa kidole. Mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele, kwa hiyo nota zote za juu zilikuwa zimeondolewa kwake na kupewa wa pili. Mwenye tromboni hakuweza kunyoosha mkono mpaka mwisho, kwa hiyo hakuna mahali alipotakiwa kunyoosha. Bega la mpiga ngoma kubwa lilikuwa limeharibika, basi mapigo mazito yaliwekwa pale tu ambapo alikuwa amepumzika vya kutosha. Mmoja alikuwa haoni vizuri, na karatasi yake iliandikwa kwa nota kubwa kama maharage. Kila karatasi ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja.

Kisha akaweka kidole kwenye karatasi ya baba. Karibu yote ilikuwa alama za kunyamaza. Nota chache, kimya, nota chache, kimya kirefu. Zile zilizotolewa kwake nikaziona kwenye karatasi ya besi wa pili na ya tromboni, zimegawanywa vipande vipande, zinapokezana kiasi kwamba mmoja akivuta pumzi mwingine anapuliza.

“Kila posho naandika mupya,” alisema, maana kwetu posho ni juma. “Mutu akigonjwa, nabadilisha. Akipona, namurudishia. Tangu Kampuni ianguke niko nafanya hii.” Akanigeukia, bila kejeli yoyote. “Mama, hii utaiweka mu carré gani?”

Niliangalia miraba yangu minne. Nilizitazama zile karatasi za zambarau, nikakaa chini kwenye gunia. Mimi nilikuja na chaki kuwafundisha watu kujichunguza, na kumbe mzee huyu alikuwa amewachunguza mmoja mmoja, kila juma, miaka yote ile ya maafa, akajua nani amepoteza nini na nani bado ana nini, na akaugeuza ujuzi huo kuwa muziki bila kumwaibisha mtu. Sijawahi kuona mkakati ulio mkubwa kama ule. Nimekaa tangu hapo kwenye semina nyingi zenye viyoyozi, nimesoma mipango yenye jalada gumu, na bado sijauona.

“Pigeni,” alisema mfanyabiashara.

Wakapiga pale pale kati ya magunia. Mfanyabiashara alifumba macho. Kisha akafumbua, akaanza kuzunguka katikati yao, akiinamisha sikio kwa kila chombo kama fundi anayetafuta mlio mbaya kwenye injini. Nami kwa mara ya kwanza sikusikiliza nikiwa nje. Nilimwona baba akipuliza, akashusha mdomo, kifua kikipanda na kushuka, na besi ikaendelea kuunguruma bila yeye, kisha akarudi ndani yake kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Muda wote niliodhani nasikia pumzi ya baba, kumbe walikuwa watu watatu. Nililia wazi wazi na sikujali nani ananiona.

Walipomaliza, mfanyabiashara aliwahesabu kwa kidole. “Nilitaka kumi bazima,” alisema. “Munaniletea kumi na ine, hata muzima mumoja hamuna.” Mpiga ngoma akaanza kucheka, na mfanyabiashara mwenyewe akacheka mwishowe. Alisema kamyoneti itapiga safari mbili. Alitaka tu nimletee mpango ulionakiliwa vizuri kesho yake, aweke sahihi.

Tulirudi Hewa Bora kwa miguu, baba na mimi, na alitembea polepole njia nzima. Nilidhani ni kwa sababu ya kilima kidogo kilichoko njiani. Nyumbani nikakaa mezani mchana ule kuanza kunakili. Akaja, akavuta kiti karibu na changu.

“Miye nilikuwa najua nota zinapunguka,” alisema. “Nilisema, shefu anazeeka, anasahau. Nikasema, muzuri, bahati yangu, hivi hawatajua. Mwaka muzima nilifikiri niko nabadanganya.”

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na safari hii hakwenda bombani. Alikohoa mbele yangu, mpaka mwisho, kitambaa mdomoni, na alipokiondoa macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sikuwahi kumwona baba analia, hata siku ya kuhama nyumba.

“Papa, unisamehe,” nikasema.

“Soma tena ile yangu.”

Nikasoma: Besi ya kwanza haina tena pumzi ya kutosha.

“Iko kweli. Usiifute.” Alikaa akiangalia karatasi, kisha akaweka kidole chake chenye kovu la moto juu kushoto, kwenye nguvu. “Umeandika chenye siwezi. Sasa andika na chenye naweza.”

“Niandike nini, papa?”

Akaweka vidole vitatu juu ya meza, mahali ambapo vifungo vya tuba vingekuwa, akafumba macho na kujaribu wimbo wote kwa kimya, akibonyeza mbao. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nilimtazama akitafuta ndani ya kifua chake, kwa uaminifu, asiongeze kitu na asipunguze, na niliinua kalamu kutoka kwenye karatasi nisimsumbue.

“Nota tano,” alisema alipofumbua macho. “Za mufululizo. Tano naweza.”

Nikaandika: Besi ya kwanza, nota tano. Akaisoma, akarudia kuisoma, kisha akaniambia niongeze neno moja mwishoni, nami nikaongeza: kamili.